Uchovu wa Upungufu wa Damu, na Yampasayo Mwenye Nyumba

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeteremsha maradhi na akateremsha dawa zake. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya: somo hili ni la uchovu utokao katika upungufu wa chuma mwilini. Limeandikwa kwa wanaume wenye nyumba. Maradhi haya aghalabu huwapata wake na watoto, na mwenye mfuko wa fedha na mwenye amri ya safari ya kwenda kwa tabibu mara nyingi ni mume. Asipoyajua maradhi haya huyaita uvivu. Na akiyaita uvivu hudhulumu, hali hajijui kuwa amedhulumu.

1. Uchovu si uvivu

Mvivu ni yule awezaye naye hataki. Mwenye upungufu wa damu ni yule atakaye naye hawezi. Kwa nje wote wawili huonekana wameketi, na kwa hiyo mtazamaji wa haraka huwapa hukumu moja.

Mfano wake ni Zaidi, ambaye mkewe alikuwa akiamka kabla ya alfajiri, akiteka maji na kukanda unga, na nyumba yake ikisifiwa. Baada ya kuzaa mtoto wa tatu akawa kila amalizapo kazi moja huketi, na apandapo ngazi hushika ukuta. Zaidi akasema: mwanamke huyu amebadilika. Mama yake Zaidi akasema: amedekezwa. Jirani akasema: hili ni jicho la watu. Siku zikapita kwa maneno makali, hata talaka ikawa yatajwa. Na katika hao watatu hapana hata mmoja aliyekitazama kiganja cha mwanamke yule, wala ndani ya kope zake, akaona jinsi palivyopauka.

Zaidi hakuwa mtu mbaya. Alihukumu kabla ya kutaka ushahidi. Na kadhi afanyaye hivyo, hata hukumu yake ikitokea kuwa sawa, ameikosa njia ya hukumu.

2. Kazi ya chuma mwilini

Katika Qur'ani iko sura iitwayo kwa jina la chuma, nayo ni ya 57, Suratul Hadid, na ndani yake chuma kimetajwa kuwa kina nguvu na manufaa kwa watu. Wengi wakisikia hayo hufikiri nanga, jembe na kisu. Walakini chuma kimo hata ndani ya damu. Katika karne ya 18 tabibu wa Bologna, Italia, jina lake Vincenzo Menghini, aliichoma damu mpaka ikawa majivu, akasogeza sumaku, na chembe za majivu yale zikavutwa.

Chuma chote kilichomo katika mwili wa mtu mzima ni kiasi cha gramu 3 au 4, uzito wa msumari mdogo. Sehemu kubwa yake, kama thuluthi mbili, imo katika kile kinachoipa damu wekundu wake, nacho huitwa himoglobini. Kazi ya himoglobini ni kuichukua hewa ya oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha katika kila kiungo. Chuma kikipungua, himoglobini hupungua. Na himoglobini ikipungua, viungo hukosa hewa, na moyo hulazimika kwenda mbio ili damu chache ifanye kazi ya damu nyingi. Huo ndio uchovu wenyewe. Hauondoki kwa kulala, wala hauondoki kwa kukaripiwa.

Chuma kinachobaki huwekwa akiba katika ini, wengu na uboho wa mifupa. Mfano wake ni birika la msikiti: watu hutawadha kwa maji yaliyomo, na kila siku hutiwa maji kidogo badala ya yaliyotumika. Mwili hauingizi kutoka katika chakula ila miligramu 1 au 2 za chuma kwa siku, na kwa mtu asiyetokwa na damu kiasi hicho chatosha, kwani chuma cha chembe za damu zilizokufa hutumika tena. Lakini birika likiwa na ufa, maji ya kutiwa hayawahi maji ya kutoka. Na damu mililita 1 ina chuma kiasi cha nusu miligramu. Basi mwenye kupoteza mililita 4 tu kila siku amepoteza miligramu 2, na birika lake lashuka kila siku ijapokuwa anakula.

Tena ijulikane kuwa akiba hutangulia kwisha kabla damu yenyewe haijapungua. Kwa hiyo mtu aweza kuwa mchovu, na kipimo cha damu kikasema damu yatosha, hali akiba imekwisha.

3. Alama zake

Alama zake ni uchovu usioondoka kwa usingizi. Pumzi kuwa fupi kwa kupanda ngazi au kubeba ndoo. Moyo kwenda mbio. Kichwa kuuma, na kizunguzungu wakati wa kuinuka. Kupauka kwa viganja, ulimi na ndani ya kope. Kucha kukatika ovyo au kubonyea kama kijiko. Midomo kupasuka pembeni. Na miguu kukosa utulivu usiku. Mtoto huwa mzito wa kucheza na mzito wa kushika somo, na mwalimu wa chuo asiyejua humpiga kwa usahaulifu ambao dawa yake si bakora.

Na alama iliyo ya ajabu ni hamu ya kula kisicholiwa, kama udongo, barafu au mchele mbichi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi'i wameutaja udongo pamoja na mawe na kioo katika vitu vilivyo haramu kuliwa kwa sababu ya kudhuru mwili. Walakini mume asitosheke na kukataza, kwani huenda hamu hiyo ni mwili unaodai haki yake. Na udongo haulilipi deni hilo: huzuia chuma cha chakula kisiingie mwilini, na huenda ukachukua mayai ya minyoo.

4. Sababu zake

Sababu ya kwanza ni damu ya mwezi. Katika madhehebu ya Shafi'i hedhi uchache wake ni usiku na mchana, wingi wake ni siku 15, na ya kawaida ni siku 6 au 7. Hapa wengi hukosea. Mipaka hii imewekwa kwa kujua hukumu ya sala, saumu na tohara. Haikuwekwa kuwa kipimo cha siha. Mwanamke atokwaye na damu siku 10 kila mwezi, damu yake yote huwa ni hedhi kwa sheria, na mumewe husema hapana neno. Kwa tabibu liko neno: damu ipitayo siku 7, au iliyo nyingi hata kitambaa hubadilishwa kila saa, ni ya kuulizwa sababu yake na kutibiwa. Na ikiwa yapita siku 15, basi ni istihadha, nayo ina hukumu zake. Na tabibu aendewe kwa haraka zaidi.

Ya pili ni mimba na uzazi. Mimba moja huhitaji chuma kiasi cha gramu 1, kwa mtoto, kwa kondo na kwa damu iliyozidi ya mama. Kisha huja damu ya kujifungua. Mwanamke mwenye damu ya kutosha aweza kupoteza nusu lita na akasalimika. Aliyeingia katika uchungu na damu pungufu, kiasi hicho hicho chaweza kumwua. Wangapi wamezikwa pamoja na watoto wao, na watu wakasema siku yake imefika. Naam, ajali imo mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Lakini kuacha sababu alizoziweka si kutawakali.

Ya tatu ni minyoo ya safura. Neno hili asili yake ni la Kiarabu la umanjano, kwa rangi ya mgonjwa. Vijinyoo vyake hukaa katika udongo uliochafuliwa kwa choo, huingia kwa ngozi ya mguu usio na kiatu, kisha hufika katika utumbo na kunyonya damu. Uchunguzi wa wanafunzi wa Pemba katika miaka ya 1990 ulionyesha kuwa minyoo hii ilikuwa sababu kubwa ya upungufu wa chuma kwao. Dawa yake ni kidonge kama albendazoli, pamoja na choo kizuri na viatu. Na kichocho nacho hutoa damu katika mkojo. Wazazi wasiihesabu damu hiyo kuwa ni dalili ya kubaleghe kwa mtoto wa kiume.

Ya nne ni damu ya ndani isiyoonekana: vidonda vya tumbo, bawasiri, uvimbe wa matumbo, na kudumu na dawa za kutuliza maumivu kama aspirini. Hii ndiyo sababu ya kuogopwa kwa mwanamume mzima na kwa mwanamke aliyekoma hedhi. Hao hawana damu ya mwezi. Basi wakionekana na upungufu wa chuma, yapasa itafutwe damu inakotoka, kwani pengine ni saratani ya utumbo ambayo ikijulikana mapema hutibika. Mwanamume asinunue vidonge akanyamaza kwa haya. Na hijama, yaani kupiga chuku, ijapokuwa ina asili katika sunna, haimfai mtu ambaye damu yake imekwisha pungua.

Ya tano ni chakula kisicho na chuma cha kutosha, na maelezo yake yatakuja.

5. Kupima

Si kila uchovu ni wa chuma. Sukari huchosha, malaria huchosha, kifua kikuu huchosha, na huzuni huchosha. Wala si kila upungufu wa damu ni wa chuma: mwenye selimundu damu yake huwa pungufu kwa asili yake, na chuma huenda kikamzidi. Kwa hiyo kupima ni kabla ya dawa, kama kutia nia ni kabla ya amali.

Kipimo cha kwanza ni cha himoglobini. Kwa kawaida mwanamume huhesabiwa kuwa na upungufu akiwa chini ya gramu 13 katika desilita ya damu, mwanamke asiye na mimba chini ya 12, na mjamzito chini ya 11 au karibu ya hapo kwa kadiri ya miezi yake. Kipimo cha pili ni cha akiba, kiitwacho feritini, nacho huonyesha birika limebaki na nini. Ni tone la damu na muda wa saa chache. Nyumba ngapi zimevunjika kwa jambo ambalo tone moja la damu lingelieleza!

6. Chakula chenye chuma

Chuma cha chakula ni namna mbili. Kiko cha nyama, maini, kuku, samaki na dagaa, nacho huingia mwilini kwa wepesi. Na kiko cha kunde, mbaazi, maharagwe, choroko, mchicha na kisamvu, nacho huingia kwa uzito na kidogo kidogo.

Damu yenyewe ni haramu kwa nassi, na hapana hoja ya kuinywa hali maini yapo, kwani sunna imeyatoa maini na wengu katika hukumu ya damu na kuyahalalisha. Ila mjamzito asiyazidishe maini, kwa kuwa yana vitamini A nyingi ambayo ikipita kiasi humdhuru mtoto.

Chuma cha mboga na kunde husaidiwa na vitu vyenye vitamini C: ndimu, chungwa, embe na pilipili mbichi. Akamuaye ndimu juu ya mbaazi zake amefanya jambo la maana. Na kipande kidogo cha samaki au dagaa katika chungu cha kunde husaidia chuma cha kunde kiingie.

Na kinachokizuia ni chai na kahawa. Watu wa pwani hunywa chai pamoja na mbaazi na mahamri asubuhi, na kahawa baada ya chakula. Chai hiyo hukishika chuma katika tumbo, kisiingie. Hapana haja ya kuiacha. Yatosha kuitenga na chakula kwa muda wa saa 1 au zaidi. Mwezi wa Ramadhani afuturuye aanze na futari yake, na chai aicheleweshe mpaka baada ya sala ya isha.

Tende ni sunna na baraka, na zatia nguvu kwa sukari yake, lakini chuma chake ni kichache. Mgonjwa asizitegemee peke yake. Wala wekundu wa kinywaji si alama ya chuma. Rozela na mfano wake vyafaa kwa ukali wake, si kwa rangi yake.

7. Dawa

Upungufu ukiisha thibiti, chakula peke yake aghalabu hakitoshi kulijaza birika lililokauka. Huhitajiwa vidonge vya chuma. Humezwa tumbo likiwa tupu, pamoja na maji au maji ya chungwa, mbali na chai na maziwa. Vikimsumbua tumbo atavimeza pamoja na chakula kidogo, au atamwuliza tabibu juu ya kumeza siku moja na kuacha siku moja. Choo huwa cheusi, na hilo si la kuogopwa. Uchovu huanza kupungua baada ya wiki chache, na hapo ndipo wengi huacha, nao wamekosea. Kwani akiba hujaa baadaye, na hutakiwa kuendelea kiasi cha miezi 3 baada ya damu kurudi sawa. Wajawazito, Shirika la Afya Duniani limewashauri wameze kila siku chuma miligramu 30 mpaka 60 pamoja na asidi foliki miligramu 0.4.

Vidonge hivi viwekwe mbali na watoto, kwani mtoto akivimeza vingi huweza kufa.

Na yako mazingatio makubwa kutoka Pemba. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto wadogo wa kisiwa hicho waliopewa chuma na asidi foliki kila siku bila ya kupambanuliwa mwenye upungufu na asiye nao. Walipatikana na kulazwa hospitali au kufa zaidi kuliko wasiopewa, kwani malaria ilikuwapo. Ama wale waliokuwa na upungufu wa kweli, wakaangaliwa na kutibiwa vema, chuma kiliwafaa. Kwa hiyo penye malaria mtoto hapewi chuma kwa kukisia. Hupimwa, na hukingwa na malaria pamoja na kupewa dawa.

8. Hukumu za ibada kwa mwenye maradhi haya

Kusimama katika sala ya faradhi ni nguzo kwa mwenye kuweza. Aliyepatwa na kizunguzungu, au mashaka makubwa yanayomwondolea unyenyekevu, husali ameketi, na thawabu zake hazipungui. Asiambiwe kuwa amedharau sala.

Mgonjwa akichelea saumu kumzidishia maradhi, hufungua na kulipa baadaye. Mjamzito na mnyonyeshaji wakichelea nafsi zao, hufungua na kulipa tu. Wakichelea mtoto peke yake, hulipa na kutoa fidia ya kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Mwenye kuweza kufunga atameza vidonge vyake usiku. Na kutolewa damu ya kupimwa hakubatilishi saumu katika madhehebu ya Shafi'i.

Mwenye istihadha hakatazwi sala: hujisafisha, hujifunga, na hutawadha kwa kila faradhi baada ya kuingia wakati wake.

9. Yampasayo mwenye nyumba

Vitabu vya madhehebu vimetaja kuwa thamani ya dawa na ujira wa tabibu havimo katika nafaqa ya mke iliyo lazima. Wako wanaoshika neno hili wakalifanya ngao. Lakini vitabu hivyo hivyo vimetaja kuwa chakula chake na kitoweo chake katika siku za maradhi ni haki yake juu ya mume. Na katika maradhi haya kitoweo ni sehemu ya dawa. Basi mwenye kumnyima kitoweo ameshindwa hata kwa hoja yake mwenyewe. Tena wanazuoni wengi wa zama hizi wameona kuwa tiba imeingia katika mahitaji ya lazima kwa desturi ya watu. Ama watoto wadogo wasio na mali, dawa zao na tabibu wao ni juu ya baba, na hapana hitilafu ya kutegemea. Na juu ya yote hayo iko amri ya kuishi na wake kwa wema, nayo haina mwisho wa hesabu.

Katika nyumba nyingi sinia la wanaume hutangulia na kuwekewa minofu, na jikoni hubaki mchuzi na mifupa. Hivyo mwenye kupoteza damu kila mwezi ndiye apataye chuma kidogo, na asiyepoteza ndiye apataye kingi. Mwenye nyumba atazame ugawaji huu kwa macho yake, asiuache kwa desturi.

Na apumzishe baina ya mimba. Qur'ani imetaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa mwenye kutaka kutimiza, na matabibu wa leo nao hushauri miezi 24 ipite baada ya kuzaa kabla ya mimba nyingine. Katika muda huo birika hujaa. Kisha amtolee nauli ya kliniki tangu mwanzo wa mimba, asingoje mpaka miguu ivimbe. Na amsaidie kazi za nyumba, kwani Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake, na hapana mwenye heshima zaidi yake.

Maswali ya somo hili

1. Ni ipi tofauti ya mvivu na mwenye upungufu wa damu?
2. Kwa nini siku 15 za hedhi si kipimo cha siha?
3. Mwanamume mzima akipungukiwa na chuma, nini kitafutwe kwanza?
4. Chai itengwe na chakula muda gani, na kwa sababu gani?
5. Kwa nini mtoto wa penye malaria hapewi chuma kabla ya kupimwa?
6. Ni haki gani ya mke mgonjwa ambayo vitabu vya madhehebu vimeitaja kuwa ni lazima?

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wa Waislamu, awape wenye nyumba macho ya kuona kabla ya ndimi za kulaumu. Amin. Wallahu a'lam.